Kwa nini maji ya vuguvugu hayaendi moja kwa moja kwenye barafu?

SECHE: Haya tumerudi, na leo nina swali la msikilizaji wetu wa Nkuhungu, anasema kama kule Antaktika chini baharini kuna maji ya vuguvugu, mbona hayaendi tu moja kwa moja yakayeyusha barafu yote?

YOHANA: Swali zito hilo dada. Vuguvugu lenyewe ni la kule kule, digrii moja hivi juu ya sifuri, ila maji ya bahari yanaganda kwenye hasi 1.9, kwa hiyo kwa barafu hilo ni joto haswa.

SECHE: Sasa yanazuiwa na nini?

YOHANA: Na mteremko. Bara haliishii ufukweni, linaendelea chini ya maji, kule ni kina cha kama mita 500, halafu ghafla linaporomoka kilometa kadhaa. Ubavuni pale ndipo mkondo wa maji ya bahari unapopita, haupandi haushuki, unashika kina kilekile. Si umeona matuta ya kontua kule Kondoa, maji yanalifuata tuta badala ya kukata mteremko? Ndo hivyo, ila huku hakuna aliyechimba tuta, ni dunia kuzunguka.

SECHE: Hapo nenda taratibu kaka, watu wengi ndo wanapotelea hapo.

YOHANA: Chukua nguzo ya maji, kutoka juu mpaka sakafuni. Dunia ikizunguka na yenyewe inazunguka nayo, sasa ukiilazimisha ipande kwenye kina kifupi inabonyea, inakuwa fupi nene, mzunguko wake unavurugika, na hilo halitokei mpaka kuwe na kitu cha kuisukuma, kwa hiyo inabaki kwenye kina chake. Na nguvu hii ya mzunguko wa dunia kwenye ncha zake ndo kubwa kuliko kote, huku kwetu karibu na ikweta ni ndogo sana.

SECHE: Na upepo je?

YOHANA: Upepo wa pwani ile unatoka mashariki, na nusu ya kusini ya dunia maji ya juu yanasukumwa kushoto kwa upepo, yaani kuelekea bara. Yanarundikana pale, ya baridi, yanayadidimiza yale ya vuguvugu chini ya ukingo. Na mkondo wenyewe unakwenda magharibi, karibu kulizunguka bara zima.

SECHE: Umesema karibu.

YOHANA: Ee, kasoro upande wa Bahari ya Amundsen, kule Antaktika magharibi. Pale kizuizi kimelegea, halafu kuna mabonde yaliyochongwa na barafu ya zamani yamekata ukingo, maji ya vuguvugu yanapenya humo mpaka chini ya Thwaites na Pine Island, mito mikubwa ya barafu inayoshuka toka barani. Thwaites peke yake ikiisha, bahari ya dunia nzima inapanda zaidi ya nusu mita.

SECHE: Nusu mita! Nina shangazi Kigamboni mimi.

YOHANA: Ndo maana siachi kuliongelea. Kaskazini nako, kwenye Bahari ya Aktiki, mvumbuzi wa Norwe Nansen, aliyeacha meli yake Fram ishikwe na barafu mwaka 1893, alishusha vipimajoto akakuta maji ya vuguvugu ya Atlantiki chini ya yale ya baridi, nayo yanapita ubavuni vilevile.

SECHE: Na Antaktika wakati wa baridi nani anapima, meli si hazipiti?

YOHANA: Sili tembo, wale wanyama wakubwa wa baharini. Wanabandikiwa kifaa kichwani, wanapiga mbizi mamia ya mita, wakiibuka kinatuma joto na chumvi kwa setilaiti.

SECHE: Hakiwaumizi?

YOHANA: Kinagundishwa kwenye manyoya tu, wakipukutisha manyoya kinadondoka chenyewe.