Anayekuhukumu Filamu Yako Hufanya Kazi Gani?

Assalaam alaikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuteua majaji wa tamasha la filamu hapa Mombasa. Nina jambo moja tu. Tukitafuta majaji huwa tunauliza jina: ni nani, anajulikana wapi, ana wafuasi wangapi mtandaoni. Kazi yake ya kila siku hatuiulizi, na hiyo ndiyo inayoamua ataona nini kwenye skrini.

Tuseme mmeleta filamu ya dakika kumi iliyopigwa Mji wa Kale na kivukoni Likoni. Ndugu wawili wanagombania nyumba ya urithi. Mwigizaji akiketi kuihukumu, atamtazama yule kaka mkubwa usoni: analia kwa kuumia, au analia kwa sababu skripti imesema alie? Mhariri atashtuka pale picha ilipokatwa mapema, neno halijamtua mtu moyoni na sisi tumeshapelekwa kwingine. Fundi wa sauti atasikia adhana inaanza nje ya dirisha. Kamera inageukia ukuta wa pili, adhana hakuna. Kamera ikirudi, adhana nayo imerudi. Sasa mpe kiti cha mwisho nahodha wa jahazi, mtu asiyewahi kushika kamera maishani. Yeye atawaambia: hawa walianza kuzozana maji yamejaa, na huyu mdogo anajibu maji yamekupwa. Saa sita zimepita baina ya swali na jibu! Mwongozaji alienda kula, akarudi alasiri, akadhani bahari itamngoja.

Wanne hao hawajatofautiana. Kila mmoja ameona kile ambacho kazi yake imemzoeza kukiona. Jopo likijaa watu wa kazi moja, kuna sehemu nzima za filamu ambazo hakuna atakayezitazama.

Wakubwa wenyewe walianza vipi? Tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, lilifanyika mara ya kwanza mwaka 1946, na katika miaka yake ya mwanzo kiti cha mwenyekiti wa jopo kilikaliwa sana na watu wa kalamu. Jean Cocteau, mshairi ambaye pia aliongoza filamu, alikikalia 1953 na tena 1954. Mwaka 1960 akaja Georges Simenon, Mbelgiji, bingwa wa riwaya za upelelezi, na miongoni mwa wenzake joponi alikuwamo Henry Miller, mtunzi wa riwaya kutoka Marekani. Sikilizeni kilichotokea. Kulikuwa na filamu ya Mwitaliano Antonioni, *L'Avventura*. Mwanamke anapotea kisiwani, wanamtafuta, kisha filamu inaendelea mpaka mwisho bila kutuambia alikwenda wapi. Ukumbi uliizomea. Jopo la Simenon likaipa Tuzo ya Jopo, pamoja na filamu moja ya Japani, na tuzo ya juu kabisa likampa mwongozaji Fellini kwa *La Dolce Vita*. Yaani mtu aliyeishi kwa kuandika vitabu ambamo kila fumbo hufumbuliwa ukurasa wa mwisho, ndiye aliyeongoza jopo lililoituza filamu iliyokataa kufumbua. Mimi naona haikuwa bahati. Anayefumba na kufumbua kila siku hujua ni lini mwenzake ameacha fundo makusudi, na ni lini ameshindwa kulifungua.

Baadaye viti vikahamia kwa waongozaji na waigizaji, na leo wao ndio wengi. Sina ugomvi nao. Lakini hata Cannes huwa inaacha mlango wazi. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya, alikuwa joponi 2005. Rokia Traoré, mwanamuziki wa Mali, 2015. Gabriel Yared, anayetunga muziki wa filamu, 2017. Mwaka 2018 akaketi Khadja Nin wa Burundi, ambaye wengi wenu mmecheza nyimbo zake za Kiswahili harusini bila kujua kwamba amewahi kuhukumu Cannes. Na 2025 alikuwamo Dieudo Hamadi wa Kisangani, mtu wa filamu za hali halisi aliyesomea udaktari kabla ya kushika kamera.

Ninayempenda zaidi ni Ousmane Sembène wa Senegal. Alibeba mizigo bandarini Marseille, Ufaransa. Kuli, kama hawa tunaowajua wa Kilindini. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1956, ni ya kuli mweusi bandarini humohumo. Filamu yake *La Noire de...* ikapata Tanit ya Dhahabu, tuzo kuu, kwenye tamasha la kwanza la Carthage, Tunisia, mwaka 1966, na mwaka uliofuata akaketi katika jopo la Cannes. Fikirieni filamu ya wafanyakazi ikipita mbele ya macho yale. Mwigizaji akijitwisha gunia tupu akajifanya limemlemea, pale hapiti.

Tusidhani pia kwamba jaji lazima awe na taaluma. Tamasha la Berlin lina jopo la watoto kwa filamu za watoto, na mwaka 2018 watoto hao waliitaja kwa heshima *Supa Modo*, filamu ya kwetu Kenya iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Huko Giffoni, Italia, watoto wamekuwa wakihukumu tangu miaka ya sabini. Mtoto hana cheo cha kulinda. Akichoka anajinyonganyonga kitini, basi.

Turudi nyumbani. Wengi wetu tulikutana na neno "jaji" kwa mara ya kwanza kwenye tamasha za drama za shule, na waliotuhukumu walikuwa walimu. Ninawaheshimu, mwalimu husikia mazungumzo yaliyolegea kuliko mtu yeyote, na hukaa mpaka onyesho la mwisho hali wengine wamekwenda kunywa chai. Ila kazi yake ni kufundisha, kwa hiyo hutafuta funzo. Nasi tukajifunza kumpa. Ndiyo sababu filamu zetu nyingi huisha na mzee akiwaeleza vijana walichokosea, kana kwamba hatukuwa tumekaa pale saa nzima tukikiona.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema viti vitano, ili kura zisigongane. Mwongozaji mmoja, si watatu. Mwigizaji mmoja. Mtu wa riwaya au mashairi, na mji huu hauna uhaba wa washairi. Fundi wa sauti au mhariri, na hapa sikubali kuambiwa "hatukumpata": mnawapata kila wiki mkiwa na harusi ya kurekodi. Kiti cha tano apewe mtu wa nje ya filamu kabisa, ateuliwe kwa kutazama filamu zilizoingia. Zikiwa nyingi za bahari, mvuvi. Zikiwa za mahakama, wakili.

Mfadhili asipewe kiti. Apewe safu ya mbele, asifiwe, apigwe picha na washindi. Na jaji mwenye mwanafunzi wake, ndugu yake au pesa zake ndani ya filamu, atoke chumbani filamu hiyo ikijadiliwa. Atoke hasa, asiketi kimya akikohoa kila inaposemwa vibaya.

Haya, maswali. Tuanze na yule mzee wa nyuma; ameinua mkono tangu nilipomtaja nahodha.