Makato ya Kadi za Serikali: Nani Amlipe Mwenye Benki?

Mhadhara uliotolewa Lamu baada ya sala ya alasiri

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mulioegemea ukuta wa Ngome. Nimeombwa nizungumze juu ya makato ya kadi zinazopitishiwa pesa za serikali. Nitaanzia Marekani, kwa kuwa kule mkataba wa kadi kama hizi umekaguliwa na habari zake zikatoka hadharani.

Tangu Machi 2013, wengi wanaolipwa pesa za uzeeni au za ulemavu na serikali kuu ya Marekani hawapewi tena hundi ya karatasi. Mwenye akaunti huwekewa benki. Asiyekuwa nayo hupewa kadi iitwayo Direct Express, iliyoanza 2008 chini ya benki ya Comerica. Haina ada ya mwezi. Kila pesa zikiingia, mzee hutoa mara moja bure kwenye mashine za mtandao wa kadi hiyo. Akirudi tena, kwa bei iliyodumu miaka mingi, alikatwa senti 85. Taarifa ya akaunti kwa karatasi, senti 75 kwa mwezi.

Kijana mmoja hapa amecheka. Senti 85 ni kitu gani? Haya, mtu akitoa dola 20, kato hilo ni zaidi ya asilimia 4. Na ni nani hutoa dola 20? Tajiri hatoi hivyo. Hutoa hivyo mama anayeogopa kulaza pesa nyumbani, ama anayejua wajukuu wakiziona zitakwisha leo. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini kibaba hiki ni cha nani?

Serikali ilipumua, maana haichapi hundi wala haizitumi kwa posta. Benki nayo ilikubali kazi ile bila kulipwa na serikali, kwa sababu inakula pande mbili: kwa mwenye kadi, na kwa mwenye duka, anayekatwa kidogo kila kadi inapopitishwa. Halafu 2011 mkataba ukageuzwa, Hazina ikaanza kuilipa benki dola 5 kwa kila kadi mpya. Mkaguzi wa Hazina yenyewe alikosoa jambo hilo 2014. Bure ile haikufika mbali.

Kwenye majimbo ya Marekani, baadhi ya kadi za kuwalipa wasio na kazi zilikuwa mbaya zaidi. Kulikuwa na kadi zinazokata kwa kuuliza salio, na nyingine zinazokata muamala ukikataliwa. Yaani unalipa kwa kuambiwa huna pesa! Kinga ya wenye kadi kule ni moja, nami naipenda: sheria ya shirikisho inakataza taasisi ya serikali kumlazimisha mtu afungue akaunti kwa benki fulani ndipo apate haki yake.

Sasa turudi Lamu. Pesa za wazee za serikali yetu ya Kenya, ziitwazo Inua Jamii, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingine huja za miezi miwili pamoja, 4,000. Simsemi mtu wala benki. Nawaonyesha hesabu tu, kwa bei za kawaida za kutoa M-Pesa kwa wakala, tuseme mwanao aliye Mombasa amekutumia kiasi kama hicho, 4,000. Ukizitoa kwa mpigo, kato ni shilingi 69. Ukitoa 2,000 mara mbili, ni 29 na 29, jumla 58. Ukitoa 1,000 mara nne, 116. Wengi hudhani kutoa mara moja ndiyo rahisi siku zote. Sivyo, inategemea umeangukia daraja gani la bei. Na ndani ya kila kato mna ushuru wa asilimia 15 tangu 2023, kwa hiyo pesa za serikali zikipitia njia yenye makato, kipande kinarudi serikalini.

Lakini kato kubwa la huku halimo kwenye karatasi ya benki. Mzee wa Kizingitini ama Faza, kule kisiwa cha Pate, wakala wake akiishiwa na keshi, hupanda boti mpaka Amu, mjini hapa Lamu. Nauli ya kwenda, ya kurudi, na ya mjukuu wa kumshika mkono. Wa Kiunga, kule karibu na mpaka wa Somalia, ndiyo usiseme. Mashine ya bure iliyoko ng'ambo ya maji si ya bure.

Mimi sizichukii kadi. Foleni za posta nazikumbuka, na pesa zilizopotelea mikononi mwa watu pia. Ninachodai ni kwamba benki au kampuni itakayopewa kazi hii ionyeshe, kabla mkataba haujatiwa sahihi, mzee wa Faza atatoa wapi bila makato na bila nauli. Orodha ya bei ibandikwe kwa chifu, kwa Kiswahili, na herufi ziwe kubwa. Na asiyetaka kadi awe na njia nyingine ya kulipwa.

Maswali sasa. Waliotoka Pate watangulie, boti haingoji mtu.