Gari la Spoti la Siti Mbili, Lililotumika: Kagua Maji Kwanza, Injini Baadaye

Haya wadau, karibuni. Leo tunakagua gari, na nataka ulikague kama vile pesa ziko mfukoni na moyo umeshapenda, maana hapo ndipo watu wanapolizwa. Gari lenyewe ni hili: Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa zinazochomoza. Siti mbili, injini ya 1.6 mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, juu turubai. Mwenyewe yule pale kivulini, kaka muungwana kabisa, ametuachia funguo na anatuangalia kwa wasiwasi.

Kabla hujaandika kwenye maoni: ndiyo, mimi kazi yangu ni kushona na kuuza mapaa ya turubai ya magari haya, kwa hiyo leo utasikia habari za paa mpaka masikio yachoke. Vumilia. Gari la spoti la bei nafuu mara nyingi haliuawi na mwendo kasi, linauawa na maji. Injini ikifa unatafuta nyingine. Giaboksi ikifa, vilevile. Bodi ikioza, umenunua uchafu wenye usukani.

Kwa hiyo wengine wakifika wanakimbilia boneti. Sisi tunaanzia nyuma ya siti. Ila kabla ya... ngoja. Dogo, sogeza kamera hapa. Weka mkono wako juu ya boneti. Unasikia? Ina joto hii. Kaka! Umeliwasha leo?

Anasema aliliwasha kidogo ili betri isimwaibishe mbele ya kamera. Sawa, simlaumu, na si kila anayepasha gari anaficha kitu. Lakini gari lililopashwa halikuambii ukweli. Moshi wa kuamka umeshapeperuka, kelele zimeshatulia, gia zimeshalainika. Ukimpigia muuzaji simu, mwambie asiliwashe mpaka ufike. Ukikuta lina joto, usione haya kusubiri. Tunaliacha lipoe, injini tutairudia.

Haya, kutu. Piga magoti hapa, chini ya mlango, ufuate huu ubavu mpaka unapokutana na gurudumu la nyuma. Hii pembe ya mwisho, mbele ya tairi, ndipo MX-5 inapoozea. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa isichubue rangi, iburuze taratibu. Inanasa, inanasa, bado inanasa... imedondoka. Dogo, umeipata hiyo? Narudia. Inanasa, inanasa, imedondoka.

Basi hapo chini ya rangi hakuna bati, kuna pati. Mtu amejaza, akapiga msasa, akapulizia rangi, na kwa macho huoni kitu, rangi inang'aa kabisa. Twende upande wa pili tulinganishe. Huku inanasa mpaka mwisho. Kwa hiyo ni upande wa kulia tu. Weka hilo kichwani, tunaenda kutafuta sababu yake.

Na usiseme "si kutu tu, fundi bodi atamaliza." Gari la kawaida paa lake la bati linasaidia kubeba. Hili halina paa la bati. Kinacholizuia lisipinde katikati ni sakafu na hizi mbavu mbili za chini. Ubavu ukioza, si suala la urembo tena.

Sasa nyuma ya siti. Turubai linapoishia, ndani huku kuna mfereji unaopokea maji ya mvua, na kila upande, karibu na mkanda wa usalama, kuna tundu la kuyatoa. Maji yanashuka kwenye bomba, yanatokea chini ya gari mbele ya gurudumu la nyuma. Likiziba majani na vumbi, maji yanakosa njia, yanaingia kwenye ubavu na kwenye zulia, yanakaa humo. Huo ndio ugonjwa wenyewe, mengine yote ni dalili.

Chukua chupa ya maji, mimina kidogo kidogo. Kidogo! Usimwage kama unazima moto. Dogo lala chini uangalie kule. Kushoto... yanatoka? Yanatoka. Kulia... tunasubiri... hakuna. Mimina tena kidogo. Hakuna. Shika zulia nyuma ya siti ya kulia. Limelowa, na halikulowa leo, linanuka ukungu. Umeona sasa sumaku ilikuwa inatuambia nini?

Hapa sikiliza vizuri. Ukitaka kuzibua, usichomeke waya. Nasema tena, usichomeke waya, wala bisibisi, wala ule waya wa kutundikia nguo ambao kila fundi wa mtaani anao. Chini ya bomba kuna kilango cha mpira, ukikitoboa au ukilichana bomba, maji yatamwagika ndani ya ubavu daima, na juu utaona tundu safi linapitisha vizuri ukajisifu. Tumia mrija laini wa plastiki, usukume kwa kuuzungusha, halafu mimina maji tena. Na kwa gari la mtu hujalinunua, usizibue chochote. Angalia, andika, ondoka.

Tunakuja kwenye paa lenyewe, na hapa naomba hata anayekula aache. Kizazi hiki dirisha la nyuma la kiwandani ni la plastiki, linafungwa kwa zipu. Muuzaji akitaka kukuonyesha jinsi paa linavyokunjika, mzuie kwa upole, ufanye wewe.

Vioo vya milango shusha. Klipu mbili za juu ya kioo cha mbele, fungua zote, sukuma paa nyuma kidogo tu, kiasi cha kiganja, turubai lilegee. Likishalegea ndipo unakuja nyuma kwenye zipu. Ukifungua zipu turubai likiwa limekazwa, meno yanang'oka. Halafu laza dirisha chini, bapa, juu ya taulo. Ndipo ukunje paa. Kulegeza, zipu, kulaza, kukunja. Wengi wanaruka hapo katikati kwa sababu paa linakunjika hata bila kufungua zipu, na kweli linakunjika, ila plastiki inavunjika mstari mmoja mzuri kutoka upande hadi upande. Kukiwa na baridi ndiyo kabisa, plastiki inakuwa kavu. Siku ya baridi acha paa lilivyo.

Haya nafungua zipu... inaenda... inaenda... imekwama hapa kwenye kona. Simama. Usivute. Najua mkono unataka kuvuta, usivute. Rudisha nyuma meno mawili matatu, kwa mkono mwingine bana kitambaa pande zote mbili kisogeleane, ndipo uendelee. Umeona? Imepita. Ikigoma tena, paka mshumaa kwenye meno. Usipake oili, inashika vumbi na kutia doa turubai. Kufunga ni kinyume chake: inua paa, usilifunge mbele bado, zipu kwanza, klipu za mbele mwisho. Zipu kwanza. Wateja wangu wengi wanaleta turubai zima kabisa, lililokufa ni zipu.

Angalia na plastiki. Ikiwa ya njano na ina ukungu, si mwisho wa dunia. Mishono ya kona ndiyo ya kutazama, na pale turubai linapojikunja juu ya mlango. Hapa pameshaanza kuchanika. Napendelea turubai jeusi la kitambaa kuliko la vinyili, ingawa vinyili ni nafuu na nauza zote.

Taa za mbele, washa. Zimechomoza zote mbili. Raha hii haiishi jamani, washa tena. Sawa, basi.

Boneti imepoa? Imepoa. Dogo shika kamera vizuri, tunawasha mara moja tu. Mimi natazama nyuma kwenye ekzosi, wewe bakia mbele. Washa.

Moshi wa bluu hakuna. Mvuke mweupe kidogo unaotoweka, kawaida. Unasikia hiyo tiki-tiki-tiki juu ya injini? Watu wanaikimbia hiyo sauti. Usikimbie. Ni vile vidude vya oili vinavyobonyeza vavu, havijajaa bado, na mara nyingi oili mpya inavinyamazisha. Hapo, imeanza kupungua. Unachotakiwa kuogopa hakina sauti, ni puli ya kranki, hili gurudumu dogo la mikanda hapa chini mbele. Itazame ikizunguka. Kwenye 1.6 za mwanzo kabisa, za 1989 hadi mwanzoni mwa 1991, pua ya kranki, ile ncha inayoshika puli, ni fupi, na bolti ikilegea inakula njia ya ufunguo, ule mfereji wa kipande cha chuma kinachoizuia puli isicheze. Puli ikicheza kushoto kulia kama baiskeli yenye rimu mbovu, zima, shukuru, nenda nyumbani. Hii imetulia.

Mkanda wa taimingi: vizazi viwili vya kwanza vina mkanda, unabadilishwa kama kila kilomita 100,000, kuanzia cha tatu ni cheni. Omba risiti. "Nilibadilisha" si risiti. Kwa 1.6 hii mkanda ukikatika vavu hazigongani na pistoni, unabaki tu barabarani. Si magari yote yana huruma hiyo.

Barabarani nafupisha. Gia ya pili ikiwa bado baridi, ikikwaruza, sawazishi, zile pete za giaboksi zinazoingiza gia kwa ulaini, zimechoka. Pedali ya klachi ikiwa laini kama sponji, tazama silinda ndogo pembeni mwa giaboksi, huvuja, na ni spea ndogo. Breki za nyuma hunata kwa gari linalolala sana. Na tairi: usitazame kashata tu, yaani michoro ya tairi, gari la kutembelea jumapili linaweza kuwa na kashata nzima na mpira umekauka. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Hizi hapa... sitaisoma kwa sauti, mwenye gari anatusikia.

Kwani lazima MX-5? Si lazima. Mimi naanza nayo kwa sababu Mazda wameshatengeneza zaidi ya milioni moja tangu 1989, kwa hiyo spea zipo na mafundi wanaijua. Toyota MR2 ya mwisho, ya 1999 hadi 2007, injini katikati, inapinda kona vizuri mno, na mahali pa mizigo ni kama hamna. Zilizotengenezwa kabla ya 2003 zina sifa ya kula oili, na kichujio cha awali cha moshi kikipasuka, vumbi lake hurudi kwenye silinda. Chomoa kijiti cha oili kabla hujasalimia.

BMW Z4 ya kwanza, maji tena! Mota ya paa imekaa pale maji yanapopita, tundu likiziba inazama. Paa likisitasita kufunguka, umeshajua kwa nini. Boxster ya kwanza ya Porsche itakuvutia kwa sababu bei yake huwa chini kuliko jina lake. Bei ya spea haikushuka nayo. Bearingi ya shafti ya kati, iliyo ndani ya injini, ikivunjika inaondoka na injini nzima, na kuifikia lazima giaboksi ishuke, kwa hiyo uliza kama ilibadilishwa siku klachi ilipobadilishwa. Zile za kabla ya 2003 nazo zina dirisha la plastiki, na wenye nazo husimamisha paa katikati ya safari, wanalipiga dirisha kwa ubavu wa kiganja lijikunje ndani. Honda S2000? Tamu, injini ya 2.0 inafika mizunguko 9,000. Lakini tulisema bei nafuu.

Namba ya chasisi ilingane na kadi ya gari. Hiyo hata shemeji yako anaijua.

Sasa hili la leo. Injini safi, gia safi, paa linahitaji kona mbili, ubavu wa kulia umeoza na umefichwa. Mimi nisingetaja bei yoyote leo. Ningemwomba kaka tulipeleke kwa fundi wa kuchomelea, alinyanyue, agonge pati itoke, aseme kwa maandishi bati kiasi gani linakatwa. Hiyo gharama ndiyo inayopunguzwa kwenye bei, si makisio yako wala yake. Akikataa gari lisinyanyuliwe, basi amekujibu.

Nyie wa turubai, mkiniandikia nitumieni mwaka wa gari, dirisha ni la plastiki au la kioo, na picha ya zipu, kona zote mbili. Picha, jamani. Mtu akiniandikia "zipu nadhani iko sawa" simkatii kitambaa.