Kilo za Saa Saba Usiku

ZUHURA: Haya, karibuni tena. Mimi Zuhura, na pembeni yangu kama kawaida...

BARAKA: Baraka. Mwenye mafua, mnivumilie.

ZUHURA: Leo ni zamu ya mwili wa mwanafunzi wa chuo. Unaingia mwembamba, unatoka na nyama uzembe kiunoni, na hujui ziliingia saa ngapi. Kabla sijasema lolote, kaka Baraka, wape wasikilizaji habari ya kifungo.

BARAKA: Dada Zuhura, ndiyo tumeanza hivyo?

ZUHURA: Sema tu.

BARAKA: Haya. Mwaka wa kwanza, muhula wa pili. Nina suruali moja ya kijivu, ndiyo ya siku za kuwasilisha mada. Asubuhi ile nikaivaa, nikavuta pumzi, nikabana tumbo, ikafunga. Nikasimama mbele ya darasa, nikaongea vizuri tu. Mhadhiri akauliza swali, nikainama kuangalia karatasi yangu. Tap! Kifungo kikaruka, kikagonga meza ya mbele, kikabingirika hadi chini ya kiti cha dada mmoja. Darasa zima kimya. Yule dada akakiokota, akanyanyuka, akaniwekea kiganjani kama anarudisha chenji.

ZUHURA: [anacheka] Kama chenji!

BARAKA: Nikasema "asante". Nifanyeje? Nikaendelea na mada, mkono mmoja umeshika suruali.

ZUHURA: Uliongezeka kilo ngapi?

BARAKA: Niliingia na 72, siku ya kifungo nilikuwa 78. Sita.

ZUHURA: Hapo ulizidisha mwenyewe. Marekani kuna msemo wa miaka mingi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huongezeka ratili 15, yaani karibu kilo 7. Watafiti walipozijumlisha tafiti mbalimbali mwaka 2015 wakakuta wastani ni kilo 1.36 tu. Hata walioongezeka, ukiwatenga peke yao, walifika kama kilo 3.4.

BARAKA: Kumbe mimi bingwa.

ZUHURA: Bingwa kabisa. Ila watu wasipumue haraka. Kilo moja na kitu kila mwaka, chuo miaka mitatu au minne, na hakuna siku uliyoiona ikiingia. Haba na haba hujaza kitambi.

BARAKA: Lakini dada, kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilikuwa sili! Kweli tena. Asubuhi naamka nimechelewa, natoka bila kitu tumboni. Mchana natafuna kidogo tu pale kantini kwa sababu foleni ndefu na kipindi kinaanza.

ZUHURA: Na usiku?

BARAKA: ...Usiku ni habari nyingine.

ZUHURA: Ndiyo habari yenyewe hiyo. Meza yako saa saba usiku ilikuwaje?

BARAKA: Kushoto daftari. Kulia pakiti ya biskuti, ile ndefu, nimeichana juu na kujiambia nakula nne. Katikati kikombe cha chai, sukari vijiko vitatu. Chini karibu na mguu, chupa ya soda, ili nisisinzie. Nasoma ukurasa, nachukua biskuti. Nasoma ukurasa, nachukua biskuti. Halafu unaingiza vidole kwenye pakiti unakuta makombo, na wewe bado una sura mbili hujazigusa.

ZUHURA: Na ukilala saa kumi alfajiri, ukaamka saa moja, kesho yake njaa inakuwaje?

BARAKA: Si ya kawaida. Hainitumi mboga wala tunda. Inanituma kitu kitamu, kitu kilichokaangwa.

ZUHURA: Basi hiyo imepimwa maabara. Mwili una homoni mbili za kukumbuka. Leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, inatoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo akiba ipo, tulia. Grelini, ya mwaka 1999, inatoka tumboni na kupiga kelele ya njaa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana wa kiume 12 wenye afya. Awamu moja walilala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku mbili mfululizo. Awamu nyingine walipewa saa kumi kitandani. Waliponyimwa usingizi, leptini ilishuka kwa asilimia 18, grelini ikapanda kwa asilimia 28. Wakataka vitamu, vya chumvi, vya wanga.

BARAKA: Siku mbili tu! Mimi nilifanya hivyo muhula mzima, halafu nikawa najilaumu kwamba sina msimamo.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapogombana na ushauri mwingi wanaopewa wanafunzi. Wanaambiwa "jizuie, kuwa na nidhamu". Mtu aliyelala kwa muda wa saa tatu tu unamwambia ajizuie kwa kutumia nini? Mimi mwanafunzi akinijia na swali la uzito, simuulizi kwanza anakula nini. Namuuliza analala kwa muda wa saa ngapi.

BARAKA: Wasikilizaji wapya, dada Zuhura amesomea lishe. Mimi nimesomea kupasua vifungo.

ZUHURA: [anacheka] Na ile soda yako uliihesabu?

BARAKA: Soda nayo inahesabiwa? Si maji tu.

ZUHURA: Chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida ina sukari kama gramu 50. Vijiko vya chai 12 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Umemaliza posho ya siku kwa chupa moja, na chai yako ya vijiko vitatu bado. Ni kalori 200 hivi, na kuzichoma unahitaji karibu saa nzima ya kutembea.

BARAKA: Na haishibishi.

ZUHURA: Haishibishi hata kidogo. Ndiyo maana anayetaka kuanzia mahali rahisi namwambia aanzie kwenye vinywaji. Chakula chako acha kilivyo, badilisha kikombe tu.

BARAKA: Biskuti je? Maana kuna wanaosema kalori ni kalori.

ZUHURA: Mwaka 2019 kuna utafiti mzuri ulifanyika Marekani. Watu 20 waliwekwa ndani ya kituo kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula ambavyo havijasindikwa hivyo. Mezani sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi vilipangwa vilingane, na kila mtu akaambiwa ale mpaka aridhike. Kwenye vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vingine wakapungua kiasi hichohicho.

BARAKA: Kwa hiyo pakiti ile sikuwa nashindana nayo peke yangu.

ZUHURA: Haikutengenezwa iachwe nusu.

BARAKA: Sasa niseme la aibu zaidi. Baada ya kifungo nikaamua nakula mlo mmoja kwa siku, basi. Na wiki ya kwanza, dada, nikapanda mizani: kilo tatu zimeondoka! Nikatembea chuo kizima kifua mbele.

ZUHURA: Yalikuwa maji.

BARAKA: Maji vipi?

ZUHURA: Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni. Kila gramu moja ya hiyo akiba hushikana na kama gramu tatu za maji. Ukijinyima ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Mizani inashuka, wewe unashangilia, mafuta yako yamekaa palepale yanakutazama. Ukila vizuri siku mbili, maji yanarudi.

BARAKA: Yalirudi na ndugu zake. Wiki ya tatu tulikuwa na mtihani. Nimekaa, naona maswali yanacheza, mikono inatetemeka, jasho. Swali nalijua, jibu liko hapa, haliji. Nilitoka nikaenda moja kwa moja kantini, nikala nimesimama. Sikumbuki hata nilichokula. Jioni nikamaliza pakiti mbili.

ZUHURA: Mbio za sakafuni, kaka. Mwaka 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, wanaume vijana 36 walijitolea kukatiwa chakula kwa wiki 24 ili wataalamu wajue namna ya kuwalisha walioathiriwa na njaa ya vita. Walipewa kama kalori 1,570 kwa siku, karibu nusu ya walichokuwa wakila. Wakawa wanyonge, wakali, wanaota chakula. Wengine wakaanza kusoma vitabu vya mapishi kama watu wanavyosoma riwaya. Waliporuhusiwa kula, baadhi walikula bila breki na bado wakasema wana njaa.

BARAKA: 1,570 siyo kidogo hivyo. Kuna wanafunzi wanajiwekea 1,000.

ZUHURA: Kuna wanaojiwekea chini ya hapo, wanaandika kwenye simu na kuoneshana. Na hapa niombe dakika moja bila mzaha. Ukijiona unakula kwa kujificha, unajitapisha, unakunywa dawa za kuharisha, au siku nzima hakuna unachowaza zaidi ya chakula, hiyo si dayati tena. Nenda kwa daktari au mshauri wa wanafunzi. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

BARAKA: Na zile chai za kupunguza tumbo?

ZUHURA: Nyingi zina majani ya sena. Ni dawa ya kuharisha hiyo, imevalishwa koti la chai. Unapoteza maji na madini, siyo mafuta. Tuzipite.

BARAKA: Tumezipita.

ZUHURA: Jambo jingine, mtu ajiulize kwanza kama ana haja ya kupungua. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wa mita, kisha gawa tena kwa urefu huohuo. Wewe una mita ngapi?

BARAKA: Moja nukta saba.

ZUHURA: Kwa 78 unapata 27. Kwa 72 ulikuwa karibu 25, ambapo kwa kipimo hicho ndipo uzito uliozidi unapoanza. Wako wanaonijia wana 20, afya tele, wanataka kupungua kwa sababu ya picha za kwenye simu. Nawarudisha. Na kipimo chenyewe hakijui kutofautisha msuli na mafuta, kwa hiyo ni cha kuanzia mazungumzo tu.

BARAKA: Mimi kilichonisaidia ni kitu kidogo mpaka naona haya kukisema. Nilihamisha chakula. Nikaanza kula asubuhi, mayai au maharage, kitu kinachokaa tumboni. Cha jioni nikala cha kushiba kabisa kabla sijafungua daftari. Biskuti sikuapa kuziacha, nilizihamisha tu: zikawa kwa rafiki yangu ghorofa ya juu. Nikizitaka, nipande ngazi, nigonge mlango, niombe. Saa saba usiku unamgongea mtu kwa ajili ya biskuti?

ZUHURA: [anacheka] Aibu ikafanya kazi ya nidhamu.

BARAKA: Na kahawa. Nilikuwa nakunywa jioni, halafu najiuliza mbona silali.

ZUHURA: Kafeini ikiingia, baada ya kama saa tano nusu yake bado iko mwilini. Kikombe cha saa kumi jioni, saa tatu usiku bado una nusu kikombe kichwani.

BARAKA: Basi mwisho wangu ukawa saa nane mchana. Nikawa nafunga daftari saa sita usiku, naamka mapema kumalizia. Kuna siku nilishindwa, hasa wiki za mitihani. Lakini sura niliyoisoma nimelala vizuri ilikuwa inabaki.

ZUHURA: Mazoezi? Jimu ulikwenda?

BARAKA: Mara mbili. Mara ya pili kurudisha taulo niliyoazimwa.

ZUHURA: Wala si lazima. Kwa mtu mzima Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Na siku mbili za kutumia misuli: pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, chumbani kwako. Zile hatua 10,000 zinazowanyima watu raha zilitoka kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Lilikuwa jina la biashara, hakuna daktari aliyeandika hiyo dozi.

BARAKA: Mimi nilikuwa narudia mihadhara kwa masikio, natembea kuzunguka kiwanja. Dakika 30, mhadhara mmoja. Watu walidhani naongea peke yangu.

ZUHURA: Ulikuwa unaongea peke yako. Ikashuka kilo ngapi?

BARAKA: Tano, kwa miezi saba. Mitihani ya mwisho moja ikarudi.

ZUHURA: Hiyo ni taratibu kuliko nusu kilo kwa wiki wanayoshauri wengi, na haina ubaya. Na moja iliyorudi usiifungulie kesi.

BARAKA: Sijaifungulia. Tunaishi nayo.

ZUHURA: Kifungo je?

BARAKA: Ninacho. Kiko kwenye kopo la kalamu.

ZUHURA: Na suruali?

BARAKA: Nilimpa mdogo wangu, kaanza chuo mwaka huu. Anaifunga kwa mkanda. Kifungo sijampa, nasubiri kuona.