Kila "la" na ukoo wake

Asanteni, kaeni jamani, tuanze. Leo naongea tena habari ya neno "la", najua wengine mmeshanisikia lakini nitarudia mpaka lieleweke, manake bado watu wananijia mbio na maneno mawili yanayofanana, mwalimu umeona, hizi lugha ni ndugu!

Haya. "La, sikula tunda la jana." Hapo la ziko tatu na hakuna mbili zilizozaliwa nyumba moja. Ya kwanza ni ya Kiarabu, ya kukataa, na ukoo wake ni Kisemiti, Kiebrania wanayo "lo", Kiakadi cha Mesopotamia ya kale nacho kilikuwa na "la" hiyohiyo. Ya pili, ya kula, ni mzizi wa Kibantu, Waarabu hawahusiki kabisa, Kizulu ni ukudla, Kishona kudya, Kiganda okulya, Kikuyu kũrĩa. Ya tatu ni "li" ya ngeli ya tunda imekutana na "a", li-a ikawa la. Kwa hiyo anayesema Kiswahili ni Kiarabu kwa sababu tunasema "la", namuuliza, la ipi?

Na hiyo ya Kiarabu mnaitumia kutwa bila kujua. Hiyo "bila" yenyewe ni bi na la, "kwa" na "si". Wala ni wa na la, "na" na "si". Ila ni in na la, yaani "kama si". Sasa mtu ataniambia mbona ila ni kasoro pia, hakuna binadamu asiye na ila? Hiyo ni nyingine kabisa ndugu yangu, kwa Kiarabu inaanza na ain, herufi ya sauti ya kooni, na neno lenyewe maana yake ugonjwa au kasoro, sisi ain tumeiacha njiani ndo maana leo zinafanana.

Sasa tuje kwenye ile inayoniudhi. Kihawaii "la" ni jua, Kimaori wanasema "ra", zote lugha za visiwa vya Pasifiki, na Misri ya kale mungu jua ni Ra. Basi watu wanaruka, Wamisri walifika Pasifiki! Jamani, taratibu. Kihawaii na Kimaori ni ndugu kweli, lakini sio kwa sababu ya jua peke yake. Mbili, Kimaori rua, Kihawaii lua. Tano, rima na lima. Mbingu, rangi na lani. Kila penye r huku, kule kuna l, neno baada ya neno, safu nzima inajipanga, huo ndo undugu. Misri ina nini? Neno moja tu! Na hilo lenyewe Wamisri waliandika konsonanti bila irabu, r halafu ain, ile sauti ya kooni, hiyo "Ra" ni matamshi yetu sisi wasomaji wa leo, Wakopti waliorithi lugha hiyo walitamka kama "re". Iko wapi safu?

Utasema lakini maana nayo inafanana, haiwezi kuwa bahati. Inaweza! Kihawaii kina konsonanti 8 na irabu 5, piga hesabu, silabi za konsonanti na irabu ni 40 tu ukiacha urefu wa irabu, na dunia ina lugha maelfu, zitagongana tu. Hiyo lima ya Kihawaii ni tano na pia ni mkono, sisi tuna kulima, kesho mtu ataniambia mkono ndo unashika jembe kwa hiyo Wahawaii ni Wabantu. Ukitaka kuunganisha maana utaunganisha chochote.

Muda umekwenda, haraka haraka. La ya Kifaransa, Kihispania na Kiitaliano ni illa ya Kilatini, "ile", ilitumika mpaka nguvu ya kuonyesha ikaisha na kipande cha mbele kikadondoka. Wafaransa wanayo na la ya "pale", wanaitia alama juu, hiyo imetoka illac. Na la ya muziki, ya do re mi, haimo kwenye ukoo wowote kati ya hizo, ni Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, alichukua silabi za mwanzo za mistari ya wimbo wa Yohana Mbatizaji, na mstari wa sita unaanza na labii, "ya mdomo".

Kichina sijagusa, basi. Maswali, naanza na wewe wa nyuma uliyenyoosha mkono toka kwenye lima.