Jinsi ya Kuonja Märzen ya Kijerumani na Kuipa Alama

Karibuni tena. Leo mezani nina chupa moja tu ya nusu lita ya Märzen, yaani bia ya Machi: Ayinger Oktober Fest-Märzen, kilevi asilimia 5.8, kutoka kijiji cha Aying, kusini-mashariki mwa Munich. Tunaionja pamoja, na mwisho kila mtu anaipa alama zake. Kama hujafikisha miaka 18, video hii si yako. Na kama leo unaendesha gari, isimamishe hapa, urudi ukiwa umetulia nyumbani.

Tuanzie kwenye friji. Baa zetu swali la kwanza ni "ya baridi au ya moto?" Hii haitaki hata moja. Ikiwa baridi ya kuganda, harufu yote ya kimea, ile nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, inajificha. Ikiwa ya moto, kilevi kinakupanda puani. Itoe kwenye friji uiache mezani dakika kumi au kumi na tano. Tunatafuta nyuzi 8 hadi 10 hivi. Huna kipimajoto? Shika chupa: iwe baridi, lakini vidole visiume.

Wakati inasubiri, geuza chupa usome tarehe. Hii ni bia ya msimu, huuzwa kuelekea Septemba na Oktoba, na usikubali kuuziwa ya mwaka jana. Asili yake ni amri ya mwaka 1553: Mtawala Albrecht wa Tano wa Bavaria alipiga marufuku kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, maana bia iliyopikwa wakati wa joto ilikuwa ikiharibika. Basi wapishi wakawa wanapika ya Machi yenye nguvu zaidi kidogo, wanaihifadhi kwenye vyumba vya chini ya ardhi, na inanywewa taratibu hadi msimu mpya ufunguliwe. Baadaye amri hiyo ikabaki historia, lakini bia haikufa.

Sasa glasi. Usinione mtu wa makuu: ilowanishe kwa maji safi, kisha uiangalie kwenye mwanga. Vipovu vikinata ubavuni, kuna mafuta au sabuni, na povu la bia halitakaa. Ioshe upya. Lile bilauri kubwa la lita moja la kwenye mahema ya Oktoberfest, tamasha la bia la Munich, liache. Lile ni la kunywa na kuimba, hapa tunaonja.

Inamisha glasi, mimina taratibu ubavuni, ukifika nusu isimamishe wima umalizie katikati. Povu la vidole viwili linatosha. Weka karatasi nyeupe nyuma yake. Mnaona? Dhahabu iliyokolea inayoelekea kaharabu, na imetakata kabisa, vidole vyangu vinaonekana upande wa pili. Usikae sana hapa. Kwenye fomu ya BJCP, chama cha waamuzi wa bia, muonekano una alama 3 tu kati ya 50. Harufu ina 12, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na 10 ni za hisia ya jumla.

Kwa hiyo leta pua. Funika glasi kwa kiganja, izungushe kidogo, fungua, vuta pumzi fupi fupi. Kinachopaswa kukujia ni ganda la mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Harufu hiyo, na rangi pia, inatoka kwenye kimea cha Munich, shayiri iliyokaushwa kwa joto kubwa kuliko ile ya bia nyepesi. Ukisikia mahindi ya kuchemsha au siagi, kuna kasoro ya upishi. Ukisikia kadibodi iliyolowa, imezeeka. Yangu hii iko salama.

Haya, piga funda. Lisambaze ulimini, kisha meza. Ndiyo, meza! Wa divai wanatema, sisi tunahitaji uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unaobaki nyuma ya koo.

Ngoja. Usiandike kitu bado, maana hapa ndipo wengi wanapoionea bia hii. Pua imeshakuahidi utamu, ulimi wa mbele umeonja utamu, basi mtu anaandika "tamu sana" anafunga daftari. Hesabu mpaka kumi. Funda limeondoka, mdomo umebaki mkavu, na unataka jingine. Märzen nzuri ndivyo inavyomaliza. Ikikuachia unato wa sukari iliyoungua, mpe adhabu aliyeipika. Nimeonja za kuigiza zenye kosa hilo, rangi nyekundu ya kupendeza machoni na koo lote sharubati.

Mtauliza, ndiyo hii wanayokunywa Munich? Hapana. Mahemani wanaruhusiwa viwanda sita tu vya Munich: Augustiner, Hacker-Pschorr, Hofbräu, Löwenbräu, Paulaner na Spaten. Aying ni nje ya mji, haimo. Tena tangu mwaka 1990 inayomiminwa huko kwa wingi ni bia ya dhahabu, nyepesi zaidi mdomoni. Kwa upande wangu walichopata ni urahisi wa kunywa lita ya pili, na walichopoteza ni ule mkate.

Mwisho, bakiza kidogo kwenye glasi, subiri dakika tano, uonje tena. Joto likipanda kasoro hazina pa kujificha. Kwangu mkate umeongezeka na ukavu haujaondoka, ila uchungu umekuwa hafifu kuliko nipendavyo. Harufu 10, muonekano 3, ladha 16, mdomoni 4, hisia ya jumla 8. Hizo ni 41. Wewe andika zako baada ya funda hilo la mwisho, si kabla.