Lubumbashi Saa Mbili, Kinshasa Saa Moja

NEEMA: Nikutege kidogo. Lubumbashi sasa hivi ni saa mbili asubuhi. Kinshasa je?

BAKARI: Si nchi moja? Saa mbili.

NEEMA: Saa moja! Mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutangulia magharibi kwa saa nzima.

BAKARI: Umenipata.

NEEMA: Ni nchi ya kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3, majirani tisa, na mji mkuu umekaa ukingoni kabisa. Ukisimama Kinshasa, ng'ambo ya mto unaona Brazzaville, mji mkuu wa ile Kongo nyingine. Mtu wa Bukavu, kule mashariki, yuko karibu na Kigali na Bujumbura kuliko na serikali yake.

BAKARI: Lakini wana mto, Neema. Mto Kongo ni barabara tosha.

NEEMA: Kwa kipande. Meli hupanda kutoka Kinshasa hadi Kisangani, kama kilomita 1,700, halafu unakutana na maporomoko ya Boyoma. Kuelekea baharini nako maporomoko, ndiyo maana wakoloni walijenga reli ya kwenda bandari ya Matadi, ikakamilika 1898. Na lugha zilifuata njia hizo hizo: Kilingala kikapanda na mto, Kiswahili kikaingia na misafara kutoka mashariki. Sokoni Kisangani utavisikia vyote viwili.

BAKARI: Na bado Kikongo na Kiluba. Haya, tuje kwenye siasa. Majimbo ni mangapi?

NEEMA: 26, Kinshasa ikiwemo. Ila hesabu hiyo haitulii. Baada ya uhuru Katanga, jimbo la kusini-mashariki lenye Lubumbashi, ilijitenga, Julai 1960 hadi Januari 1963. Nchi ikakatwakatwa vijimbo zaidi ya 20. Rais Mobutu alipokuja akaviunganisha tena, akataka kila kitu kiamuliwe Kinshasa. Kisha katiba ya 2006 ikasema tukate upya, na utekelezaji ukaja 2015.

BAKARI: Miaka tisa kusubiri panga!

NEEMA: Na liliposhuka, Katanga ikawa vipande vinne. Hapo ndipo pana utamu. Lualaba, makao makuu Kolwezi, ikaondoka na madini ya shaba na kobalti tele. Haut-Katanga ikabaki na Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa, malori yanakopita kwenda Zambia. Haut-Lomami, kule Kamina, haikupata chochote cha kulinganisha na hayo.

BAKARI: Kama urithi wa mzee: mmoja kapewa duka, mwingine kapewa kiti.

NEEMA: Wengi Katanga walisema waziwazi kwamba jimbo lililowahi kujitenga lilikuwa linapunguzwa nguvu. Mimi nadhani hawakukosea, japo Équateur, jimbo la kaskazini-magharibi, nayo ilikatwa vipande vitano na haina historia hiyo.

BAKARI: Na pesa? Jimbo jipya linahitaji gavana, bunge, ofisi, magari…

NEEMA: Katiba, kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, tena yakatwe hapo hapo yanapokusanywa. Kwa vitendo, fedha hupanda kwanza Kinshasa.

BAKARI: Kisha zinashuka?

NEEMA: Zinashuka zimepungua, na zimechelewa.

BAKARI: Kumbe hiyo saa moja ya tofauti ndiyo ndogo kuliko zote.